Kwani Alieandika Hakunsikia?

Shuka lilikuwa jeupe, la kitanda cha futi sita, limefungwa baina ya mnazi na nguzo ya baraza. Projekta tuliiweka juu ya kreti la soda, waya wa umeme tukauvuta kutoka dirishani kwa jirani. Isha ilikuwa imeshaswaliwa. Watoto walikaa mbele kwenye jamvi, kina mama nyuma yao, na wanaume walisimama pembeni kama wapita njia, ijapokuwa hakuna hata mmoja aliyepita.

Bibi alipewa kiti. Yeye ndiye filamu yenyewe, kazi yetu ya chuo juu ya mkulima wa mwani: dakika 14, na tisa kati ya hizo ni sauti yake. Jina lake nalihifadhi, na kijiji nitasema tu kuwa kipo pwani ya wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba. Anasoma Kurani na anaandika barua kwa herufi za Kiarabu, lakini maandishi ya chini ya picha, yanayofuata kinachosemwa, yalikuwa kwa herufi za skuli. Basi akamwambia mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, akae ubavuni pake amsomee.

Mtoto akasoma. Spika inasema "ntu", kwa Kipemba, mtoto anasoma "mtu". Spika inasema neno moja, mtoto anasoma jengine kabisa.

Bibi alisikiliza hivyo dakika tatu, labda nne. Kisha akamwinamia mjukuu wake na kuuliza, si kwa hasira, kama anayetaka kujua kweli:

"Kwani alieandika hakunsikia?"

Nilikuwa nyuma ya projekta, hatua mbili kutoka kwao.

Alieandika ni mimi.

Wiki tano zimepita. Filamu imeshapata alama chuoni, wenzangu wameshaanza kazi nyengine, na mimi kila nikilala naisikia ile sauti imeinama. Naandika kwa sababu mwanzo nilidhani swali lile ni la herufi mbili tatu za maandishi ya chini. Sasa najua lilianza mbali zaidi.

## Majibu kabla ya maswali

Chuo hakikupi kamera mpaka uwasilishe pendekezo. Pendekezo lina vichwa vyake: lengo, walengwa, wahojiwa, na kimoja kinachoitwa "matarajio ya mahojiano". Hapo unaandika kila mhojiwa anategemewa kusema nini. Wanaotufundisha wana sababu nzuri. Mwanafunzi asiyejua anachokitafuta hurudi na saa ishirini za mawingu na mawimbi.

Nililitoa daftari la pendekezo wiki iliyopita nikasoma nilichoandika. Kwa mkono wangu, nikiwa Mjini Unguja, kabla hata sijajua Bibi yupo, nimeandika: "Mhojiwa ataeleza athari za kuongezeka kwa joto la bahari."

Ataeleza. Kama nimeshaongea naye.

Mada yenyewe haikuwa mbaya. Mwani wa biashara ulianza kulimwa visiwani mwaka 1989, Paje na Jambiani, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba, mikononi mwa wanawake. Kila mkulima anajua habari ya kotonii, ule mwani wenye bei, namna ulivyokuwa ukikatika vichwa na kugeuka mweupe maji yakipata moto, mpaka wengi wakabaki na spinosamu inayostahimili lakini bei yake ndogo. Nilikuwa na mada ya kweli. Ila nilikuwa nimeshaipa maneno yangu, na nilikuwa natafuta ntu wa kuyasema.

Nimeandika "ntu" hapo juu bila kukusudia. Nitaliacha.

## Wiki ya maji matupu

Safari ya kwanza tuliipanga kwa kalenda ya chuo. Tulikuwa na wiki ya mapumziko, tukaikatia tiketi za boti kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, Pemba, tukagawana pesa za daladala na chakula. Siku mbili kabla ya kuondoka nilimpigia simu binti wa Bibi kumwambia tunakuja. Simu ikachukuliwa na Bibi mwenyewe.

"Mwanangu, wiki hiyo maji mafu. Mtakuja kupiga picha maji matupu."

Mimi mtoto wa Mjini, wa Ng'ambo. Najua maji kupwa na kujaa kama ninavyojua jua kuchwa, kitu kinachotokea chenyewe huko pwani. Sikuwa nimefikiri kwamba shamba la mwani linaonekana siku maalumu tu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndipo linapokuja bamvua: maji yanapwa mbali, vijiti na kamba vinatoka, wanawake wanashuka. Katikati ya hapo, maji mafu, bahari haiondoki vya kutosha, na shamba linabaki chini. Mwani huchukua siku 45 hivi tokea kufungwa hadi kuvunwa, ambazo ni kama mabamvua matatu. Bibi hahesabu siku. Anahesabu mabamvua.

Tukabadilisha tiketi. Tuliomba ruhusa ya kukosa madarasa ya siku nne, tukaipata kwa shida, na tukapoteza pesa ya boti ambayo mwenzangu wa sauti alikuwa ameikopa.

Katika filamu, neno "bamvua" Bibi analisema mara sita. Katika maandishi yangu ya chini limekuwa "maji yanapokupwa" mara zote sita. Maji hupwa kila siku, mara mbili. Bamvua ni jambo jengine. Na mimi nilikuwa nimelipia kulijua hilo.

## Saa nne

Kuna jambo ambalo hakuna darasa lililotueleza, nami namwandikia yeyote anayetaka kwenda na kamera pwani zetu. Katika bamvua, maji hufikia mwisho wa kupwa mnamo saa nne asubuhi. Siku za mwanzo huwa kabla kidogo, kisha husogea kiasi cha dakika hamsini kila siku, mpaka kufika mchana. Ule mwanga laini wa alfajiri na wa jioni tunaoambiwa tuutafute hauonani kabisa na shamba la mwani. Alfajiri shamba liko chini ya maji, na jioni vilevile. Linapotoka, jua liko juu ya utosi, mchanga mweupe unalirudisha machoni, na uso wa mama aliyeinama ndani ya mtandio ni kivuli.

Mwenzangu wa kamera alihangaika siku nzima. Akipima uso, bahari inaungua yote kuwa nyeupe. Akipima bahari, uso unapotea. Siku ya pili akaacha kutafuta uso, akashuka na kamera hadi usawa wa magoti na kuchukua mikono. Mikono inafunga tai-tai, vile vijikamba vya kufungia mwani, inavuta kamba, inatikisa mchanga, inafunga tena. Kule chini maji yenyewe yalikuwa yanarudisha mwanga mzuri.

Sauti ilitutesa zaidi. Kaskazi ilikuwa inavuma, na kinasasauti cha kubana nguo kila Bibi akiinama kinasuguliwa na kanga. Mvuvi mmoja akatuazima upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Tukafunga kinasasauti kirefu kwenye ncha, tukakivisha soksi juu ya sponji, na mwenzangu akasimama na upondo ule saa tatu ndani ya maji, mikono inatetemeka. Yeye ndiye aliyeiokoa filamu hii.

Mahojiano rasmi tuliyafanya barazani, mchana, Bibi amevaa nguo ya wageni. Swali la nne katika karatasi yangu lilikuwa: "Mabadiliko ya tabianchi yamekuathiri vipi?" Bibi alinyamaza. Akautazama ukili aliokuwa akiusuka. Kisha akaniuliza:

"Hilo swali la nani?"

Nikasema langu. Akaniangalia kwa huruma, ndiyo, kwa huruma, akajibu maneno mawili matatu ya kunistiri.

Kesho yake, ndani ya maji, hakuna aliyemuuliza kitu. Kamera iko kwenye mikono, upondo uko juu ya kichwa chake. Akasema kama anaongea na kamba:

"Bahari ishachemka, mwanangu. Ntu akitia nkono asubuhi, kama katia kwenye sufuria."

Akafunga tai-tai nyengine mbili. Kisha:

"Mwani umenijengea, mwani umenilisha. Sasa mie ndie ninoubembeleza."

Nilijua palepale kuwa hiyo ndiyo filamu. Mwenzangu wa kamera pia alijua. Alibana pumzi ili picha isitikisike.

## Mama avaa spika za masikioni

Tulirudi na saa 11 za picha na sauti. Kuhariri mazungumzo huanza kwa kuyaandika yote, neno kwa neno, na saa moja ya maongezi inaweza kula saa nne au tano za kuandika. Nilifanyia kazi nyumbani, mezani, usiku.

Mama yangu ni wa Wete. Aliletwa Unguja akiwa na miaka kumi na mbili, akapelekwa skuli ambako kila akisema "ntu" darasa zima lilikuwa likicheka. Ikamchukua mwaka mmoja, anasema, kuacha. Nimekulia katika nyumba ambayo Kipemba kilikuwa kinasemwa kwenye simu tu, mlango umefungwa, akiongea na dada zake. Na mimi pia, Mungu anisamehe, nikiwa mdogo nilikuwa nikimwigiza.

Nilipokwama kwenye maneno ya Bibi nilimuuliza. Mwanzo akasema, "Mie nshasahau hayo." Nikamwachia. Usiku wa tatu alikuja mwenyewe na kikombe cha chai, akavuta kiti, akazivaa spika za masikioni. Akasikiliza. Midomo yake ikaanza kusogea pamoja na sauti ya Bibi, neno baada ya neno, kama ntu anayefuatisha dua anayoijua. Hakunitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Tukakaa hivyo siku tisa. Mama akasikia, akatamka, nikaandika kama alivyotamka. Daftari zima. "Ntu" ni "ntu". "Kenda" ni "kenda". Neno moja tu, la dakika ya saba, hata yeye hakulipata. Akaniambia huenda ni la huko kwao Bibi, maana Kipemba nacho si kimoja, na mtu wa Kojani akisema, wa Mkoani husikia tofauti.

Kwa hiyo, Bibi, aliyeandika alikusikia. Alikusikia vizuri kuliko alivyostahiki.

Ndiyo maana swali lako linaniuma. Ningekuwa sikusikia, ningekuwa na udhuru.

## Herufi 42

Msimamizi wetu alisema filamu ikienda tamashani, kwenye ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, pale Ngome Kongwe au kokote, itatazamwa na watu wa Bara na wa Kenya ambao hawataelewa, kwa hivyo tuweke maandishi ya chini kwa Kiswahili fasaha, na ya Kiingereza baadaye. Sikubishana. Nilifurahi hata. Maandishi ya chini yaliifanya kazi yetu ionekane kama filamu za watu wakubwa.

Kanuni tuliyofundishwa ni mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, na ukae kwenye kioo muda wa kutosha msomaji kumaliza. Kanuni hii ni ya kweli na ina maana. Jicho lina mwendo wake. Lakini ukishaanza kupunguza maneno ya ntu, kuna mlango unafunguka, na wewe mwenyewe humwoni anayeingia.

Alipoingia, aliandika hivi.

Bibi: "Bahari ishachemka, mwanangu. Ntu akitia nkono asubuhi, kama katia kwenye sufuria."
Mimi: "Joto la bahari limeongezeka."

Bibi: "Mwani umenijengea, mwani umenilisha. Sasa mie ndie ninoubembeleza."
Mimi: "Kilimo cha mwani kilinisaidia kiuchumi, lakini sasa kinakabiliwa na changamoto."

Someni tena huo mstari wangu wa pili. Ni mrefu kuliko maneno yake. Nilikuwa sipunguzi nafasi. Nilikuwa naandika pendekezo langu upya, nalibandika chini ya mikono yake. "Kinakabiliwa na changamoto" ni maneno ya warsha, ya ukumbi wenye kiyoyozi na chupa za maji mezani. Hajawahi kuyasema katika maisha yake, na mjukuu wake aliyasoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima kama maneno ya bibi yake.

Baada ya usiku ule wa shuka nilirudi na kuhesabu. Niliigawa sentensi ya sufuria katika mistari miwili, kama alivyoisema, bila kubadilisha kitu.

Wa juu herufi 39. Wa chini 41.

Anaongea taratibu, sekunde sita nzima. Ilikuwa inatosha tangu mwanzo.

## Fasaha ya nani

Nimejaribu kuutetea upande wa pili, maana sitaki kuandika kwa uchungu tu. Ni kweli ntu wa Mwanza akisikia Kipemba cha kaskazini kinamwendea mbio. Ni kweli pia kwamba Kiswahili sanifu kimetufanya tusomane kutoka Lamu hadi Lubumbashi, na mimi naandika kwa hicho hichohicho, sina chengine cha kuandikia nawe. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja cha Mjini ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wake. Yaani lahaja ya mtaani kwangu. Kimekuwa sahihi kwa uamuzi wa kikao, na cha mama yangu kikawa cha kuchekwa darasani.

Ila mbona filamu zenye lafudhi za Bara zinaoneshwa Pemba bila maandishi ya chini, na Bibi anaelewa? Anasikiliza redio kila siku. Sisi hatukumwona kuwa ni yeye anayejitahidi.

Mwenzangu wa kamera ana hoja nyengine, na hii sijaimaliza. Nilipomwambia nataka kuandika maneno yote kama yalivyosemwa, alikataa. Yeye ni wa Chake Chake. Akasema, "Ukiandika 'ntu' watacheka. Mpemba kwenye vichekesho huandikwa hivyohivyo, ili achekwe. Unataka Bibi achekwe huko tamashani?"

Nilikaa kimya, kwa sababu amelielezea darasa la mama yangu.

Tulibishana siku nyingi. Nikamletea kamusi ya Kipemba, maana Baraza la Kiswahili la Zanzibar limekwishatoa kamusi za lahaja zetu. Akasema ntu anayecheka hachukui kamusi. Kweli. Nikasema basi tuyatoe maandishi ya Kiswahili kabisa, tubaki na ya Kiingereza kwa wageni, na Mswahili asikilize, akikosa neno moja atalipata la pili. Akafikiri. Akasema hilo labda. Kisha akaongeza kuwa viziwi nao ni Waswahili, na wanasoma. Na hapo pia ana haki.

Mwisho tukakubaliana jambo ambalo tulitakiwa kulifanya kabla ya kuandika herufi moja. Tumuulize mwenyewe. Fomu ya ridhaa tulimpa asaini siku ya kwanza, karatasi mbili za Kiswahili cha kisheria, akaweka jina lake kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri unaoteremka kidogo kushoto. Hakuna mahali palipomuuliza anataka asomeke vipi.

## Dakika ya saba

Nilimpigia simu Ijumaa, baada ya swala. Alipokea mjukuu. Nikaomba nimsomee Bibi mistari, mmoja mmoja, ya zamani na mipya, na aniambie. Mtoto akaweka simu kwenye spika. Nilisikia kuku, na nilisikia Bibi anavuta kigoda.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?"

Alijua habari ya Mama. Nilimsimulia usiku ule wa shuka, baada ya watu kuondoka.

Tulisoma karibu saa nzima. Kwenye "ntu" hakusema chochote, alipita nayo kama njia ya nyumbani. Nilipomuuliza hasa kama haogopi kuchekwa, akajibu kuwa wanaomcheka hawamlishi wala hawamvishi, lakini "changamoto" niitoe, hiyo haijui. "Bamvua" niirudishe mara zote sita. Kuna sehemu moja alisema nisiandike alivyosema, kwa sababu siku ile alikuwa amechoka na alikosea jina la marehemu. Nikaandika. Mjukuu akawa anacheka kwa furaha kila mstari ukipita.

Tukafika dakika ya saba. Nikamwelezea lile neno ambalo Mama hakulisikia, nikamchezea sauti mara tatu karibu na simu. Nilikuwa nimeliwekea nukta tatu kwenye filamu, nikidhani hakuna atakayeona.

Bibi akalitambua mara moja. Akalisema. Nikamwomba arudie, akarudia, na mimi kalamu mkononi sikuweza kuliandika, sikujua hata linaanza na herufi gani.

"Maana yake nini, Bibi?"

Akanyamaza, kama alivyonyamaza barazani.

"Hilo la majini, mwanangu. Kwenye simu haliingii. Njoo nikuoneshe."

Mwezi unaandama Jumatano, akipenda Mungu. Nimeshakata tiketi mbili. Mama anasema miaka saba hajaiona Pemba, na ameshatoa kanga za kushukia pwani.